Eda Yangu na Kitabu cha Serikali

Mume wangu alipofariki, watu walinambia nikae. Kukaa ndiyo kazi nisiyoijua. Nimekaa garini, nimekaa kwa daktari, lakini kukaa hivi, miezi minne na ushee, ndani ya nyumba ya mwanangu hapa Ghubra, Omani, bila kutoka, bila kujitia manukato, bila kuvaa nguo yenye pambo, huko ndiko kukaa nnakokusema. Eda si adhabu, wallahi sisemi hivyo. Ni haki ya maiti na ni amri. Lakini miguu haikusoma fikihi. Nikimaliza kusali najikuta jikoni, kutoka jikoni najikuta dirishani, na dirishani hapana cha kuona ila ukuta wa jirani na mashine zake za baridi zinazodondosha maji. Nikahamisha mito ya sebuleni. Nikairudisha.

"Bibi, hiyo mito imekukosea nini?" akaniuliza mwanamke anayetusaidia kazi. Yeye ni mtu wa Singida, Ijumaa huenda zake kanisani Ruwi, siku nyengine zote ulimi wake uko hapa nyumbani.

"Imekosea kukaa," nikamjibu.

Mie skuli nilikwenda kidogo, Unguja, nikatolewa mapema nikafundishwa kushona. Chuoni, cha Kurani, nilikhitimu. Kusoma nnajua, na kuandika nnaandika kama nnavyosema. Nimelitaja hili ili asije mtu akanidhania mtaalamu wa vitabu. Vitabu vililetwa nyumbani, sikuvifuata mie.

Aliyevileta ni mjukuu wangu wa kike, binti wa huyu mwanangu. Anafanya kazi Maskati yenyewe, kule penye ofisi za serikali. Ofisi yao inachukua vitabu vya waandishi wa nchi hii, inavifasirisha kwa lugha za watu wa nje, inavichapa kwa fedha za serikali, kisha haiviuzi. Vinagaiwa. Vinapelekwa kwenye balozi, kwenye vyuo, kwenye maonyesho ya vitabu huko ng'ambo, ili wageni wajue kuwa na sisi tuna watu wenye fikira. Kiingereza walikuwa nacho, Kifaransa walikuwa nacho. Halafu wakasema Kiswahili nacho kitiwe, maana Afrika ina wasomaji.

"Wasomaji gani?" nikamuuliza.

"Wasomaji wa kigeni, Bibi. Ndivyo tunavyowaita kazini."

"Yaani dada yangu aliyeko Unguja, niliyenyonya naye ziwa moja, ni msomaji wa kigeni?"

"Kwenye karatasi, ndiyo."

"Haya. Karatasi imeshasema."

Vitabu vyenyewe ni vizuri, karatasi nzito, na kila kimoja kina picha ya ngome kwenye jalada. Hadithi ya wavuvi, ngome. Mashairi ya mapenzi, ngome. Nilimwambia siku wakichapa cha mapishi watatia ngome na sufuria juu yake. Akacheka, lakini si sana, maana anaipenda kazi yake. Alikuwa ameajiriwa kwa mkataba mfupi, na mudiri wake, yaani mkubwa wa ofisi, alishamwambia: kitabu cha Kiswahili kikiwahi maonyesho ya Afrika, atapewa kazi ya kudumu. Kwa mtoto wa siku hizi, nchi hii, kazi ya kudumu ya serikali si jambo la mchezo. Wenziwe wenye shahada wamo majumbani wanaangalia simu.

Kila alasiri akirudi alikula, akajinyoosha, kisha akaja nilipo na kurasa zake. Yeye kazaliwa hapa, kasomeshwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili chake ni cha nyumba hii, kakiokota miguuni pangu. Basi akifasiri huja kunisomea anitazame uso. Nikitulia anaendelea. Nikikunja uso anafuta. Na pasi ya yule wa Singida ikinyamaza, anajua na yeye kaacha nguo anasikiliza.

Kitabu kilikuwa cha mwanamke wa makamo yangu, mzaliwa wa milimani huko ndani, anasimulia utoto wake na mama yake. Sitasema uongo, mwanzo wake ulinichosha. Mitende, mfereji wa falaji na maji yake yanayogaiwa kwa zamu, mbuzi, mitende tena.

"Jamani, huko hakuna watu?" akauliza wa Singida.

Watu walikuja katikati ya kitabu. Baba wa huyo mwandishi alikuwa na duka Unguja, na mke wa pili, kama wanaume wengi wa zama hizo, anakaa huko miaka, anarudi msimu mmoja, anaondoka. Akafa huko huko. Khabari ikachelewa, ikafika kijijini na msafiri, na walipohesabu wakaona siku za eda zimeshapita zote kabla mjane hajajua kuwa ni mjane. Kadhi wa kijiji akasema sheria iko wazi, eda inahesabiwa tangu alipokufa mume. Mwanamke huyu hana cha kukalia, na atoke aendelee na shughuli zake. Yule mama akamjibu kutoka nyuma ya mlango: "Kwenu kafa zamani. Kwangu kafa leo." Akajifungia, akakaa eda yote isiyokuwa juu yake.

Nilikuwa nachagua dengu. Mkono ukasimama ndani ya ungo. Mie nimeamrishwa kukaa nnahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia; yule kaambiwa toka, kakataa.

"Hii sasa ndiyo hadithi," akasema wa Singida. "Rudia hapo mlangoni."

Mjukuu wangu akarudia. Siku ya pili nikamwambia arudie tena. Siku hizo, nikianza kuzunguka nyumba, nilikuwa najiambia: kaa, wewe, mwenzio alikaa bila kulazimishwa. Nakaa kidogo. Halafu miguu inaondoka.

Baadaye zikaja kurasa za mwisho, zile anazoleta mchapaji kabla kitabu hakijapigwa chapa. Mfasiri anazipitia, anatia saini, basi, mashine zinaanza. Alikuwa na wiki moja. Nikamwambia asinisomee zote, anisomee ile ya mlangoni tu.

Akafungua, akafunga.

"Haimo, Bibi."

"Imeanguka?"

"Imetolewa. Sura nzima. Tumeletewa amri kuwa haifai kwa chapa ya Kiswahili."

"Na ya Kiingereza?"

"Imo."

"Na ya Kifaransa?"

"Imo, Bibi. Usinitazame hivyo, sikuitoa mie."

Nilisimama, ungo uliokuwa mapajani ukaanguka, dengu zikaenda chini. Mzungu anaruhusiwa kumuona mjane wa Kiomani mlangoni kwake, mtu wa Unguja haruhusiwi? Nikasema hao wanaume wa ofisini wanaona haya. Wanaona haya watu wa pwani wasome kuwa baba zao walikuwa na majumba mawili, wake wawili, huku na huko. Kitu kinachojulikana na kila mtoto! Wazungu hawawajui, kwa hivyo hawawaonei haya. Sie tunawajua.

"Mpigie mwenye kitabu umwambie," nikasema.

"Siruhusiwi. Mfasiri haongei na mwandishi. Kila kitu kinapita ofisini. Ndiyo nidhamu ya kazi."

"Nidhamu ya kumkata mtu ulimi asijue?"

"Bibi, nikienda kinyume sipati kazi. Unataka nikae nyumbani na wewe tuhamishe mito?"

Lile neno liliniingia. Lakini sikutulia. Kama si eda ningevaa abaya langu nikaenda mwenyewe mpaka kwa huyo mudiri, nikakaa mlangoni pake mpaka anione. Mwanangu alinambia shekhe karuhusu mjane kutoka mchana kwa dharura. Nikamuuliza, kitabu ni dharura? Akacheka, akaona mimi sicheki, akaenda zake msikitini.

Mchana ule wote nilitembea. Wa Singida akapiga deki, nikapita. Akapiga tena, nikapita.

"Bibi, wewe utembee au niondoe maji?"

"Nnafikiri."

"Basi fikiri upande ule palipokauka."

Na nikafikiri. Amri ya ofisi inasema mfasiri asiende kwa mwandishi. Haisemi mwandishi asije kuhani. Mwanamke akiwa edani, wanawake wanakuja. Anayekujua anakuja, asiyekujua ila amesikia jina la ukoo anakuja, na mwanamke wa makamo yetu akiambiwa kuna mjane mahali fulani anayemtaja kwa kheri, hawezi kulala na deni hilo. Kwa hivyo alipokuja mama mmoja wa mtaani kunitazama, ambaye huwajua watu wote mpaka Sibu, nilimwambia tu, kwa taratibu: yule mwenye kitabu cha milimani, mfikishieni salamu, semeni kuna mjane hapa Ghubra, maneno ya mama yake yamemsaidia kukaa. Uongo haukuwemo. Kidogo yalinisaidia.

Hazikupita siku nyingi akaja. Alikuja kabla ya alasiri, mjukuu wangu hajarudi kutoka kazini. Mwanawe alimshusha akabaki garini. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, na fimbo, amejifunga shela kwa mtindo wa kwao. Akanipa mkono, akaniombea ujira na subira, akakaa chini bila kusaidiwa. Kiswahili hakijui hata neno. Tulisema Kiarabu, yeye cha milimani na mie cha kwangu chenye pwani ndani yake. Nikamimina kahawa. Akala tende moja. Tukanyamaza kama inavyopasa.

Mie kunyamaza kuna mpaka wake.

"Mama yangu," nikamwambia, "sura ya mama yako, ile ya mlangoni, wameitoa. Kwa Kiswahili watu hawataiona. Nimeona ujue."

Hakushtuka. Alikunywa kilichobaki, akatikisa kikombe, ndiyo desturi ya huku, maana yake usinimiminie tena.

"Najua," akasema. "Nimeitoa mimi."

Hapo mlango ukafunguka. Mjukuu wangu kaingia na begi lake begani, kamuona mwenye kitabu kakaa kwenye zulia letu, akabaki na funguo mkononi. Akanigeukia kwa Kiswahili, sauti ndogo, tabasamu limebaki usoni kwa ajili ya mgeni:

"Bibi, umeniua."

"Msalimie mgeni kwanza. Utakufa baadaye."

Akamsalimia, akambusu kichwa, na yule bibi alipojua huyu ndiye mfasiri wake akamkamata mkono akamketisha ubavuni. Kisha akatueleza sote wawili, na wa Singida kwenye mlango wa jiko, asiyejua Kiarabu cha kutosha, ananivuta nguo kila mara: "Kasemaje? Kasemaje?"

Alisema hivi. Huko Unguja yuko dada yake kwa baba, mtoto wa yule mke wa pili. Hawajapata kuonana wala kusemezana, maana kila mmoja hajui lugha ya mwenziwe. Anajua tu kwamba yu hai, kwamba alikuwa mwalimu, na kwamba anasoma. Na ndani ya sura ile kuna maneno ambayo mama yake aliyasema siku alipopata khabari, na yeye, mtoto, aliyasikia na akayaandika kama yalivyo: "Mwanamke yule kamfaidi hai, kamfaidi na maiti."

"Mzungu akisoma, ataona ni uchungu wa mjane," akasema. "Lakini dada yangu akisoma, mwanamke yule ni mama yake. Nilikwenda ofisini mimi mwenyewe, nikamwomba mkubwa wao. Nilimwambia wasomaji wengine ni wageni. Hawa si wageni."

Basi nilikuwa nimewatukana wanaume wa watu bure. Sikuwaomba radhi, hawakuwepo. Nilihamisha mto mmoja.

Lakini neno lilinisumbua, na neno likinisumbua halikai tumboni. Nikamuuliza: "Umemuuliza yeye?"

"Nani?"

"Dada yako. Umemuuliza kama hataki?"

"Kwa ulimi gani?"

"Unamkinga na kitu bila kumuuliza kama anataka kukingwa. Na watu wa Unguja nawajua mie. Kama kitabu kina sura yenye jina la baba yao, watajua imo kwa Kiingereza, watampata mtoto wa jirani awafasirie, na atafasiri vibaya, na atazidisha."

Yule bibi akanikazia macho. "Wewe ni mkali."

"Mume wangu alikuwa akisema hivyo hivyo. Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Amin."

Sikumtazama mjukuu wangu. Nilijua anahesabu siku za saini kichwani mwake. Nilidhani atainuka aende chumbani. Alikaa, akichezea kifungo cha begi, akafungua, akafunga. Kisha akasema kwa Kiarabu, taratibu:

"Nitaisoma mie. Kwenye simu. Mkiniruhusu nimpelekee sauti, asikie yote kama ilivyo, kisha aseme mwenyewe. Lakini afanye haraka, maana mimi nna saini."

Mwenye kitabu akafikiri kwa muda mrefu. Wa Singida akanivuta nguo. "Kasemaje?"

"Nyamaza, anafikiri."

"Hata huko kunyamaza nifasirie," akasema, na mjukuu wangu akacheka bila kutaka.

Akaruhusu. Dada yangu aliyeko Unguja, yule msomaji wa kigeni, ndiye aliyemtafuta mwalimu. Unguja mtu hapotei. Unauliza kwenye khitma moja unapewa namba ya simu ya mtu na khabari za ugonjwa wake. Mjukuu wangu akaisoma ile sura kwenye simu, kipande kwa kipande maana ni ndefu. Alipofika kwenye yale maneno ya mama, sauti yake ilipungua. Nikamwashiria: sema kama yalivyosemwa. Akasema.

Kisha kungoja. Mie nikafikiri najua kuhangaika. Kumbe nilikuwa bado. Simu iliwekwa kwenye meza ndogo, na kila niliyempita nilimuuliza, ile alama ya ujumbe imegeuka rangi? Imegeuka. Amesikiliza? Amesikiliza. Mbona hajibu? Mudiri akapiga kuuliza saini. Mjukuu wangu akamwambia kuna mgonjwa nyumbani.

"Nani mgonjwa?" nikamuuliza alipokata.

"Kitabu," akasema, akaenda kujilaza na nguo zake za kazini.

Nilimchungulia. Hakuwa amelala. Alikuwa anatazama dari. Nikaenda kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Jibu lilikuja mchana, siku ambayo mwenye kitabu naye hakuweza kungoja kwake, akaja tena Ghubra akasema amekuja kunitazama hali. Nilimwambia hali yangu na yake ni moja, akae. Tukaiweka simu katikati ya zulia. Sauti ikatoka, ya mwanamke mzima, ya mtu aliyezoea kusikilizwa na darasa zima. Mjukuu wangu akawa anaisimamisha kila hatua, anageuza kwa Kiarabu.

"Assalamu alaykum," ikasema. "Nimekusikilizeni nipo jikoni, na maharage yangu yameungua, kwa hivyo kwanza mjue mna deni la maharage." Mwenye kitabu alipofasiriwa hilo, alijifunika mdomo kwa shela, sijui kwa kicheko au kwa kilio. "Mwambieni dada yangu hivi. Hilo neno la mama yake nimelisikia. Halikuniua. Mama yangu naye alikuwa na lake. Kila ikija pakacha ya tende kutoka Manga, huko kwenu, alikuwa akisema: nnaletewa kokwa, nyama anayo mwenyewe. Basi wamelipana wenyewe kwa wenyewe, nasi si makadhi wao."

Wa Singida akapiga kofi moja. "Huyu mwalimu!"

"Lakini nna neno," sauti ikaendelea, na hapo ikabadilika. "Mmeandika mjane kakaa peke yake milimani na hapana aliyejua uchungu wake. Na mama yangu? Yeye ndiye aliyemuosha baba miguu akiwa mgonjwa. Yeye ndiye aliyekaa eda ya mwanzo, chumba kinavuja, na mimi mdogo nnaweka masufuria chini ya paa. Sisi ndio tuliopeleka khabari kwenu. Tulipeleka. Kilichorudi ni nini? Hakikurudi kitu. Hata salamu. Mama yangu alikaa miaka akingoja neno moja kutoka huko, na hakulipata, na sasa yuko kaburini. Kitabu chenu kina mjane mmoja. Wajane walikuwa wawili. Mkiandika wawili, chapeni kwa lugha yoyote mtakayo, hata jina langu tieni. Mkiandika mmoja, iacheni nje kama mlivyoiacha. Nimemaliza. Nnakwenda kununua maharage."

Maji ya mashine ya baridi yalikuwa yanadondoka nje.

Mwenye kitabu alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Akauliza, hakumuuliza mjukuu wangu, aliniuliza mie: "Kwenu huko, mtu akifiwa, mnamwambia nini? Neno lenyewe. Kwa lugha yenu."

"Tunasema makiwa," nikamwambia.

"Makiwa."

"Na mwenye msiba anajibu, tunayo."

Akalirudia mara kadhaa, makiwa, makiwa. Kisha akamwambia mjukuu wangu amshikie simu karibu na mdomo. Akasema salamu kwa Kiarabu, kisha akasema: "Makiwa, ukhti. Makiwa ya mama." Hilo la pili nilimnong'oneza mie. Akaisukuma simu mbali kama kitu cha moto.

Kisha, hapo hapo, kabla jibu halijaja, akatoa simu yake mwenyewe akampigia mudiri. Nilikuwa nnasikia upande wake tu. Alisema kitabu kisichapwe kwa Kiswahili. Alisema sura itarudi, lakini si ile. Ataiandika upya, na mpaka aimalize mtu asitie saini. Mudiri bila shaka alimtajia maonyesho, maana alimjibu, "Maonyesho yako yatakuja mwaka mwengine. Mama yake hatakufa tena." Yule hakujua ni mama wa nani anayesemwa, lakini na yeye ni Muomani, hawezi kubishana na bibi anayetaja maiti.

Mjukuu wangu alizikusanya kurasa zake, akazipanga sawa, akazitia kwenye begi. Alikuwa hana rangi.

"Na kazi yangu, Bibi?" akaniuliza kwa Kiswahili.

Ningeweza kumwambia riziki iko kwa Mola. Ni kweli, na nimewaambia wengi. Sikumwambia. Nilimwambia, "Sijui."

"Ahsante kwa kusema hujui," akasema, na sijui mpaka leo kama ilikuwa ni hasira au nini. Aliinuka akamsaidia mgeni kuvaa viatu.

Jibu la Unguja liliingia yule bibi keshafika kwenye gari. Wa Singida alimkimbilia na simu nje, peku, mie siwezi kutoka, nikabaki nyuma ya kizingiti nimeshika mlango. Nikaona dirisha la gari linashuka, wa Singida kaiinamisha simu ndani, kisha kajipangusa macho kwa kanga yake. Aliporudi nilimuuliza kajibu nini.

"Kasema tunayo," akanambia. "Halafu kanyamaza weee. Halafu kasema, na wewe pia, mdogo wangu."

Kazi ya kudumu mjukuu wangu hakupewa. Mkataba wake waliuongeza, si zaidi, na wakamtoa kwenye kufasiri wakamtia penye kufunga makasha ya vitabu vinavyokwenda kwenye balozi. Anarudi jioni ana vumbi la karatasi kwenye mikono ya abaya. Hanilaumu kwa mdomo. Ila siku moja nilimwambia kuna mama anakuja kunitembelea, akanikatiza: "Mama gani, Bibi? Ana kitabu?" Nikaona bado. Maonyesho ya Afrika yalikwenda na vitabu vya Kiingereza, vyenye ngome.

Mie eda yangu imekwisha. Nimetoka, nimekwenda makaburini, nimekwenda sokoni, na nimegundua miguu haikutulia hata huko. Kumbe haikuwa eda.

Mwenye kitabu anaandika. Nnajua kwa sababu ananipigia mchana wakati nnaotaka kujinyoosha. Anataka kujua vyumba vya mjini Unguja vikivuja vinavuja wapi, kwenye boriti au kwenye pembe. Anataka kujua mjane wa huko alivaa nini, alipikiwa nini, nani alimsukia ukili wa mkeka wake, na masufuria ya zama hizo yalilia vipi yakiingiwa na matone. Mwanzoni nilimjibu. Nilimueleza mpaka koo likakauka, na mjukuu wangu, nilimuona, alikuwa anapita pita karibu anasikiliza, na mara moja akatoa kalamu.

Lakini chumba kile sikukaa mie. Juzi alipopiga nikamwambia, "Mama yangu, mie nitakupa mvua ya nyumba nyengine. Mpigie dada yako. Namba unayo."

"Na ulimi?" akaniuliza.

Nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa anapukuta vumbi la makasha mikononi. Akaja, akanyoosha mkono, nikampa simu.